Muulize Lusungu Kwanza

Mbagala Rangi Tatu,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mke mwenza,

Hivi umekufa? Kama umekufa ungetuma mtu aniambie, nikaazime kanga nyeusi. Tangu Pasaka hujakanyaga hapa. Na Pasaka yenyewe ulikuja mchana, kabla chai haijapoa umeshabeba mkoba, eti foleni. Foleni ndiyo bibi yako? Foleni ndiyo iliyokubeba mgongoni mama yako alipokuwa anahangaika na biashara? Nimekulea mpaka umefika chuo, leo umepata kazi Mbweni kwenye upepo mzuri, umeniona mie joto la Mbagala.

Usiniambie ulipiga simu. Masikio yangu unayajua. Simu ikilia naiona inatetemeka mezani kama panzi, nikiiweka sikioni nasikia mtu anatafuna bisi. Mie nataka barua, kitu cha kushika. Shule sikwenda, lakini barua najua kuishika.

Anayeandika haya ni Mauwa, jirani. Mie nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinipunguzie hata neno. Barua ataileta mumewe, Mwinjuma, kwa kile kirikuu chake cha mizigo, maana kila wiki anapeleka vigae huko kwenu kwenye majumba mapya. Ukijibu mpe huyohuyo. Mauwa atanisomea. Anasoma kwa sauti kubwa, na nisiposikia narudishia, kwa hiyo habari zako wapangaji wote watazijua. Andika ukijua hivyo.

Sasa niambie kazi yako. Watu wakiniuliza nasema mjukuu wangu anafundisha Kiingereza hotelini. Wanasema hotelini kuna shule? Juzi mama mmoja kanisani kasema kasikia unafundisha watu wasitukane wenzao kazini. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Watu wazima na ndevu zao wanalipiwa mwalimu wa kutotukana! Na mwalimu mwenyewe kalelewa na mie, mwenye mdomo huu!

Kula. Pasaka nilikuona shingo imekuwa kama ya kuku wa kienyeji.

Bibi yako,
Bernadeta Mapunda (nimeweka dole)

Noela, hapa ni mie Mauwa. Bibi anapomtaja mume wangu hamtaji jina, anamwita Kiguru kwa ajili ya mguu wake. Mie naandika Mwinjuma. Usimwambie.


Mbweni,
Ijumaa, 14 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Nimesoma barua yako nimesimama getini, Mwinjuma ananisubiri huku anacheka. Nimecheka pia, halafu nikaona aibu. Nisamehe. Nakukumbuka kila siku, hasa nikinywa chai ya huku, ambayo ukiionja utauliza nani aliyeosha kikombe humu.

Bibi, sifundishi watu kutotukana. Ni hivi. Hoteli inapokea wageni wa nchi nyingi. Mwenye hoteli anataka wafanyakazi wajue Kiingereza, tena si kile cha kuuliza chumvi iko wapi tu. Anataka wajue kumtaja mtu bila kumshusha, awe mgeni, awe mfanyakazi mwenzao. Mgeni mwenye kiti cha magurudumu ana jina, haitwi kwa kiti chake. Mwanamke akija na mkoba wa ofisi, usimwulize bosi wake amebaki wapi, huenda bosi ni yeye. Aliyezeeka usimpigie kelele kama kiziwi. (Wewe ni tofauti, Bibi, wewe husikii kweli.) Kabila la mtu, dini yake, mwili wake, hayo hayaingii kwenye maneno ya kazi.

Si rahisi. Wiki ya kwanza mhudumu mmoja alimwona mgeni aliyewahi kuja mwaka jana. Akafurahi, akamkimbilia, akamwambia kwa Kiingereza kizuri kabisa, "Mama, umenenepa sana!" Yule mama alikwenda kulia chooni. Mhudumu naye akalia stoo, maana alimpenda kweli.

Na Kiingereza chenyewe kina mambo. Ukimtaja mtu ambaye hayupo, lazima kwanza useme kama ni wa kike au wa kiume. Wanafunzi wangu wanachanganya. Meneja wetu, Bwana Audax, kutwa nzima wanamfanya mwanamke, naye ananyamaza kwa heshima ya kozi.

Ninao wanafunzi wa jikoni, wa bustani, wa vyumba na wa chumba cha kufulia. Kozi ikiisha vizuri na hoteli ikiridhika, nitapewa mkataba wa mwaka mzima. Ndiyo maana siji. Kuna jambo dogo limetokea hapa kazini linanichukulia muda. Litakwisha.

Mjukuu wako akupendaye,
Noela


Mbagala,
Jumapili, 23 Juni 2024

Mke mwenza,

Barua imesomwa mara mbili, ya pili kwa ajili ya mpangaji wa chumba cha nyuma aliyechelewa.

Sasa mtu akinenepa asiambiwe? Mie nikikuambia umenenepa maana yake nimekutazama, nimeona unakula, roho yangu imetulia. Huyo mgeni alitaka aambiwe nini, amekonda kama mwenye pepo? Na hicho Kiingereza kina shida gani, mpaka kiwachungulie watu ndani ya nguo ndipo kiwataje? Sie tunasema "amekuja", basi, amekuja. Mengine utayaona akifika.

Lakini leo sijakaa kwa ajili ya kucheka. Nina jambo, nataka unisaidie.

Kwenye jumuiya yetu kuna Mngoni mwenzetu, Albano Nchimbi, kahamia mtaa huu baada ya Pasaka, kwa hiyo humjui. Mrefu, anaimba besi, anakosea, anaendelea. Anafanya kazi ya bustani kwenye hoteli huko Mbweni, sijui ipi, huko kwenu hoteli ni nyingi kama magenge ya huku. Huko kazini kuna Mhehe anafua mashuka, anaitwa Lusungu. Baba yake kafariki Iringa. Mtoto wa watu kapewa ruhusa kiduchu, kazika, kakimbizwa stendi, karudi kazini hata matanga hajakaa.

Wewe umekulia Dar, acha nikukumbushe. Sie Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu walichinjana mpaka wakachoka, halafu wakakubaliana hasira ziishie mdomoni. Mhehe akifiwa, Mngoni haendi kumpa mkono wa pole akakaa pembeni na leso kama mgeni. Anakwenda kumtukana. Analala mlangoni watu wasipite, anamwigiza marehemu, anapekua masufuria, anadai apewe kitu ndipo aondoke. Mpaka mfiwa acheke, au alie kile kilio kilichokwama. Wakifiwa Wangoni, Mhehe anakuja kulipiza.

Basi siku Lusungu aliyorudi, Albano kajifunga shuka la hoteli kiunoni, kajilaza mlangoni pa chumba cha kufulia, analia kwa sauti, "Mtumwa wetu amekufa! Nani atatubebea mizigo? Mleteni huyu binti aliyebaki!" Lusungu kaanguka kilio. Meneja kapita, kaona. Kumbe kazini kwao wana mwalimu wa maneno. Meneja kamwuliza mwalimu, naye kaandika kwamba hayo ni matusi ya kikabila na ni kumdhalilisha mfiwa. Albano karudishwa nyumbani. Kutakuwa na kikao tarehe 19 Julai. Kikao kikiyakubali ya mwalimu, kazi hana. Mtoto wake wa mwisho hata meno hajaota.

Huyo mwalimu nikimkamata nitamkalia. Amesoma mpaka kichwa kimekuwa debe, ukigonga kinalia. Angelelewa na mie asingekuwa hivyo. Najua na wewe ni mwalimu wa hayo hayo, lakini wewe ungekuwa pale jambo hili lisingefika popote.

Wewe Kiingereza unacho. Waandikie hao wa hoteli. Waambie Mngoni hakutukana, alikuja msibani.

Bibi yako,
Bernadeta Mapunda (dole)


Mbweni,
Ijumaa, 28 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Barua nimepata. Samahani, naandika kwa haraka, nasahihisha mitihani. Nimempa Mwinjuma mchele wa Kyela, sukari na ile sabuni unayoipenda. Habari ya Albano nimeisikia. Nitaandika vizuri.

Wako,
Noela


Mbagala,
Jumapili, 30 Juni 2024

Noela,

Mchele umefika. Sikuomba mchele.

Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwaga unafagia uwanja bila kuambiwa. Mchele huu unanukia ufagio.

Niambie umevunja nini.

Bibi


Mbweni,
Ijumaa, 5 Julai 2024

Dada Mauwa, habari za huko. Nakuomba barua hii msomee Bibi ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Shikamoo Bibi,

Huyo mwalimu ni mimi.

Nimeandika mstari huo, nikaenda nikarudi, nikaona hauna namna nyingine. Albano ni mwanafunzi wangu, na Lusungu vilevile. Mimi ndiye niliyeandika.

Bwana Audax aliniita ofisini. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Kwao Bukoba hajawahi kuona mtu analala mlangoni mwa mfiwa akimtukana marehemu, na siku ile mgeni alikuwa anapita na kamera. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa kozi yako hii inaruhusiwa?" Nikasema hairuhusiwi. Akasema andika. Nikaandika.

Usidhani nilisahau utani. Namkumbuka yule Mhehe aliyekuja kwenye msiba wa Babu, akavaa suruali yake na kutembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni. Ulicheka mpaka ukashikwa na watu, na ndipo ulipolia kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nikiwa nimekaa kwa Audax. Lakini nilihesabu haraka: mimi Mngoni, Albano Mngoni, nikimtetea, Bwana Audax atasema mwalimu anabeba kabila lake. Mimi ninayewakataza wenzangu makabila! Na nilikuwa nimemwona Lusungu akilia. Nikayachukua machozi yake nikayafanya jibu. Yeye mwenyewe sikumwuliza. Bibi, hata "pole" sikumwambia. Nilipita na vitabu vyangu.

Sasa kikao kinakuja. Nikiyafuta niliyoyaandika, hoteli itasema mwalimu hajui anachofundisha, na ule mkataba utakwenda. Nisipoyafuta, Albano atakosa kazi kwa ajili yangu. Nimekuwa siji Mbagala kwa sababu sijui nitakutazamaje.

Ukitaka kunikalia, nipo.

Noela


Mbagala,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mke mwenza,

Mlango tulifunga. Dirisha tukalisahau.

Mauwa kasoma, "Huyo mwalimu ni mimi." Nikasema sijasikia. Karudia. Nikasema paza sauti mwanamke, unanong'ona kama uko kwenye kitubio. Kapaza. Nje bombani alikuwapo nani? Mke wa Albano, anachota maji.

Kaingia na ndoo yake kichwani. Kasimama hapo mlangoni. Kasema, "Bibi, mjukuu wako?" Nikasema wangu. Nimemlea kwa mikono hii, kichwa nikamwachia mwenyewe. Maji yanamchuruzika shingoni. Halafu kasema, "Mwambie akija nitamkalia mie. Wewe subiri zamu." Katua ndoo, kakaa, nikampa chai, kainywa. Hajasamehe. Lakini alikunywa vikombe viwili, na mtu asiyekutaka kabisa hanywi cha pili.

Sasa nisikilize, na Mauwa aandike kwa herufi kubwa. Nina hasira na wewe mpaka asubuhi sikunywa chai. Jioni nilikunywa, maana kichwa kiliuma. Hasira yangu siyo kwamba uliogopa. Nani haogopi? Mie nikimwona daktari na sindano nakumbuka Songea kuna mgonjwa wa kumtazama. Hasira yangu ni kwamba ulimpita mfiwa mlangoni. Nimekufundisha lini kumpita mfiwa? Unafundisha watu kutaja wenzao kwa adabu, na wewe mfiwa wako umemtaja kwenye karatasi, mdomo kwa mdomo hujamtaja!

Nenda kwa Lusungu. Usimpelekee mchele. Nenda mikono mitupu ukamwulize alilia nini. Mie najua atakachosema. Atasema alilia kwa raha ya kupata mtani, hana neno lolote na Albano, na hilo ndilo ukaliseme kwenye kikao. Bibi yako hakosei kwenye mambo ya Wahehe, nimewatukana tangu sijaota matiti.

Na usiseme hujui utanitazamaje. Utanitazama kwa macho, hayohayo. Mtoto ni wangu ukiwa na akili na ukiwa huna.

Bibi yako,
Bernadeta Mapunda (dole)

Noela, ni Mauwa. Alilia kidogo ulipotaja suruali ya Babu. Ameniambia nisiandike, naandika.


Mbweni,
Jumamosi, 20 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Nimekaa kimya mpaka kikao kipite, nisikuletee habari nusu. Kaa vizuri.

Nilikwenda chumba cha kufulia mikono mitupu. Lusungu alikuwa anapiga pasi foronya. Nikasema, "Dada Lusungu, kwanza pole na msiba. Pili, kuna jambo naomba kukuuliza, nilitakiwa nikuulize tangu siku ile." Hakuinua macho. Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nakusubiri. Mmekaa ofisini mnaandika habari zangu, hakuna aliyekuja hapa. Mimi si nina mdomo?" Akanisogezea kapu la mashuka nilikalie.

Bibi, ulisema kweli. Lakini ulisema nusu.

Alisema Albano alipojilaza pale mlangoni, moyoni alisema asante Mungu. Alimzika baba yake na kupanda basi siku hiyohiyo, ameshika mkoba wa karanga aliopewa na shangazi, njia nzima hata chozi halikutoka. Hapa Mbweni watu walimwambia pole sana huku wanatazama simu. Mtani peke yake ndiye aliyekuja kama mtu aliyefiwa naye. Hapo alilia, na kilio kile alikihitaji.

Halafu akaweka pasi chini. "Lakini kuna neno moja, Mwalimu. Mtumwa. Albano ananiita hivyo kila asubuhi, mwaka wa pili sasa. Yeye sina ugomvi naye, namwita mkimbizi, babu zake walitimua mbio kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, tunamalizana. Ila vijana wa vyumba wamelidaka. Wachaga, Wamakonde, hata wasiojua Iringa iko wapi. 'Mtumwa, lete mashuka.' 'Mtumwa, taulo ziko wapi?' Hao si watani zangu. Hawatanizika, na mimi sitawazika. Wameokota neno njiani. Juzi juzi tu nimetoka kumzika baba, mtoto mdogo ananiita mtumwa, nikajifungia stoo. Kilio cha stoo hamkukiona. Mmekiona cha mlangoni, ambacho kilikuwa kizuri, mkakiandikia barua."

Nilimsaidia kukunja mashuka. Nakunja vibaya, aliyakunjua yote.

Jana kwenye kikao nilisema kwamba niliyoyaandika nayafuta, kwa sababu niliandika bila kumwuliza mwenye msiba, na kwamba hayo ni makosa kwa kozi yangu mwenyewe. Kisha nikaomba Lusungu aitwe.

Aliyasema yote kama alivyoniambia. Albano alikuwa amekaa pale na shati la kanisani. Hakujua habari ya wale vijana, nakuapia. Alisimama akauliza, "Nani? Nani anakuita hivyo? Nitajie!" Lusungu akamwambia, "Kaa chini, mkimbizi." Kikao kizima kikaangua kicheko, hata Bwana Audax, halafu akajizuia akakohoa. Akauliza, "Sasa mimi nitajuaje kipi ni matusi na kipi ni utani?" Lusungu akasema, "Uliza, bosi. Hapa nipo kuanzia saa moja."

Albano aliomba radhi. Alisema neno lile lina mahali pake na yeye alilitoa nje likaokotwa na kila mtu. Anarudi kazini Jumatatu. Neno halitasemwa tena kazini, si na yeye si na vijana, na vijana wataitwa mmoja mmoja. Kwenye kozi nimeanza upya. Kabla ya somo lolote, kila mtu anasema anapenda aitweje na nini hapendi. Mpishi wetu, Mzee Theonest, amesema amechoka kuitwa Babu, ana miaka hamsini na mbili na bado anatafuta mchumba.

Mkataba wangu sijui. Bwana Audax amesema amenipenda zaidi lakini ananiamini kidogo. Labda nitapewa miezi mitatu, labda hakuna kitu. Atanijibu mwisho wa mwezi.

Jambo la mwisho. Kwa kuwa Lusungu hakukaa matanga kwao, ndugu zake wa hapa Dar wataondoa tanga Jumamosi ya tarehe 3 Agosti, kwa shangazi yake Charambe, jirani na kwako. Amenialika. Nilimwuliza nije kama mwalimu au kama nani. Akasema, "Njoo kama ulivyozaliwa." Sijui maana yake nini.

Wako,
Noela


Mbagala,
Jumapili, 28 Julai 2024

Mke mwenza,

Nilikosea nusu. Nimemwambia Mauwa aandike hivyo hivyo, nusu, asiongeze.

Albano kapita hapa Jumatatu alfajiri akienda kazini, kasimama dirishani kaimba besi mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Mke wake kaniletea mihogo. Bado anasema atakukalia, lakini sasa anasema akicheka.

Hilo la Lusungu la neno kuokotwa njiani limenikaa kifuani wiki nzima. Nalala nalo. Mie maisha yangu yote namwita mtu ninavyomwona. Mrefu, mrefu. Kipara, kipara. Nikiita kwa mapenzi najua ni mapenzi, sikuwahi kufikiri nani mwingine anasikiliza. Basi leo kabla hatujaanza barua nimemwuliza Mauwa, hivi mumeo nikimwita Kiguru anachukia? Mauwa kaweka kalamu chini. Kanyamaza mpaka nikadhani kajibu na mie sijasikia. Halafu kasema kwa sauti, "Yeye hachukii, Bibi. Yeye nyuma ya mlango anakuita Kiziwi. Ninayechukia ni mie. Kwa sababu ukimwita wewe, na watoto wa mtaa wanaita, na wale hawakumletea uji alipokuwa hospitali. Wewe ulimletea."

Nilicheka ile ya Kiziwi mpaka kanga ikafunguka. Halafu nikaacha kucheka.

Na eti kwenye barua zote hizi alikuwa anaandika Mwinjuma! Mie nasema hivi, yeye anaandika vile, nimeibiwa maneno mezani kwangu mwenyewe. Nimemsamehe. Kuanzia leo ni Mwinjuma na mdomoni pia. Nitakosea, mdomo wangu mzee, lakini nimemwambia akinisikia anikanyage mguu. Na yeye Mwinjuma aniite Kiziwi akitaka, ila aniite mbele, na kwa sauti, nifaidi na mie.

Mkataba wako ukija, vizuri. Usipokuja, rudi hapa, chumba chako kina magunia tu, nitayatoa. Hutakufa njaa mie nikiwa hai, na nikifa mihogo ya mke wa Albano ipo. Mwalimu aliyesimama mbele ya watu kasema nimekosea, nitamsifia mpaka kwa padri. Nimeshamsifia. Padri kasema nipunguze sauti.

Sasa la tarehe 3. Aliposema uje kama ulivyozaliwa, umezaliwa nini? Umezaliwa Mngoni, mtoto wewe! Lakini mie sitaki tena kuwa na uhakika na mambo ya Wahehe, nimepata funzo. Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya Jumamosi nenda kwa Lusungu, mtazame usoni, mwulize: Wangoni waje kama watani, au wasije? Usimwandikie. Usimtume mtu. Mwulize kwa mdomo, usubiri mpaka ajibu.

Akisema waje, njoo kwangu kwanza, nikupake unga usoni, nikufunge gunia kiunoni. Wewe ndiye utakayelala mlangoni pa shangazi yake. Si mie, mie nikilala chini siinuki mpaka kwaya ije. Si Albano, yeye amekwisha kusema yake. Wewe, Mwalimu. Ulie kwa sauti, umtukane marehemu vizuri, mpaka hao shangazi wakumwagie maji, na usiinuke mpaka Lusungu mwenyewe akushike mkono.

Akisema watani wasije, osha uso wako, mje naye pamoja, mkae na sie majirani mkekani kwa shangazi yake mmenye viazi, na usifungue mdomo mpaka aanze yeye.

Bibi yako,
Bernadeta Mapunda (dole)